Chano na Mbao ya Mbili kwa Sita

Neno sinia lina Uchina ndani yake. Waarabu waliviita vyombo vilivyotoka Sin, yaani Uchina, siniya, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wakatuletea pwani neno pamoja na chombo. Ila Kiswahili hakikuwa mikono mitupu. Kilikuwa na chano: sinia la mti, la mviringo, lenye ukingo mfupi. Kamusi za zamani zinalitaja kwa kazi zake, chano cha kupakulia chakula na chano cha mwashi cha kubebea chokaa. Kulikuwa na hero pia, bakuli dogo la mti.

Leo mtajie kijana wa mjini neno hero, atadhani unamsema staa wa muvi. Mtajie chano, atakuuliza ni ukoo wa wapi. Maneno haya hayakufutwa na mtu. Vitu vyake viliondoka jikoni kimyakimya, na neno lisilo na kitu cha kushika huwa halikai muda mrefu mdomoni.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu nilipoanza kwenda tena Kilolo, kwa ndugu wa upande wa mama. Kilolo ni wilaya ya Mkoa wa Iringa, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Zambia, unaingia Kilolo pale Ruaha Mbuyuni, unaupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayokohoa, unafika Ilula kwenye nyanya na vitunguu. Wasafiri wengi wanadhani wameiona Kilolo. Makao makuu yenyewe yako juu zaidi, kwenye baridi na ukungu, na huko kila kilima kimevaa miti: misindano, ambayo wengi tunaiita paini, na mikaratusi, imepangwa mistari kama wanafunzi gwaride. Miti yote hiyo, halafu ukikaribishwa ndani, ugali unaletwa kwenye bakuli la plastiki.

Ilikuwaje? Hilo ndilo swali la insha hii, na kulijibu kunataka tuipitie historia ya Uhehe kwa njia ambayo haijazoeleka.

Njia iliyozoeleka ni ya mkuki. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa liliivunja safu ya Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mwaka 1898 Mkwawa akajiua kuliko kukamatwa, kichwa chake kikachukuliwa, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalirudisha fuvu Kalenga. Kila mtoto wa Iringa anaijua habari hii, na ni haki aijue. Mwaka 1908 ofisa wa Kijerumani, Ernst Nigmann, alichapisha kitabu kuhusu Wahehe ambacho jina lake refu linataja historia yao, ibada, sheria, na desturi za vita na za uwindaji. Ni kitabu ambacho watafiti bado wanakirudia. Lakini hebu isikilize orodha hiyo ya jaladani: mtu anaabudu, anahukumu, anapigana, anawinda. Kupika na kupakua havimo. Mwanajeshi aliiandika nchi aliyoiona, na jikoni hakukuwa sehemu ya doria yake.

Kwa hiyo mimi naanza na bakuli. Bibi yangu alikuwa na bakuli la mti lililochongwa na babu kabla sijazaliwa. Lilikuwa zito, jeusi kwa moshi na mafuta, na ndani ungeweza kuhesabu kwa kidole alama za tezo, vijibonde vidogo vinavyofuatana kama magamba ya samaki. Upande mmoja lilikuwa na ufa, na ufa huo ulikuwa umeshonwa: matundu kila upande, waya ukapitishwa, ukakazwa. Nilipokuwa mdogo niliona ni umaskini. Siku hizi naona kitu kingine. Hakuna anayeshona chombo ambacho kesho atapata kingine gulioni. Ule waya ulikuwa unasema bakuli lile liligharimu siku kadhaa za mtu anayejua kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mti ulichaguliwa kwa tabia yake. Mringaringa ulipendwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa mizinga ya nyuki, vinu na ngoma, maana si mgumu wa kukatisha tamaa na ukishakauka hautulii vibaya. Gogo lilikatwa likiwa bichi, kwa sababu mti mbichi unakubali makali. Kisha lilipasuliwa katikati kwa urefu ili kukwepa moyo wa mti, ule mstari wa katikati kabisa, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Nusu gogo ililazwa, ikatolewa tumbo kwa tezo yenye makali yaliyopinda, mchongaji akizunguka na nyuzi za mti badala ya kuzipinga. Halikumalizwa siku hiyo. Liliachwa na kuta nene, likakaushwa kivulini polepole, mbali na jua na upepo, na baada ya wiki kadhaa ndipo likapunguzwa na kulainishwa. Ukiharakisha, linapasuka. Mchongaji alikuwa anafanya kazi na saa ya mti.

Ukilitazama bakuli la namna hiyo, unawaona ndugu zake wote. Kinu ni gogo lililotolewa tumbo. Mzinga ni gogo lililotolewa tumbo. Ngoma, mtumbwi, hori la kunyweshea ng'ombe, wote ni ukoo mmoja, na wote kina chao kilitegemea unene wa mti. Nisieleweke vibaya kwamba kila kitu jikoni kilikuwa cha mti. Chungu kilipika, kibuyu kilitunza maziwa na maji, na ulanzi ulikingwa, kama unavyokingwa mpaka leo, kwa mbeta, kipande cha mwanzi wenyewe. Kila kitu kilikuwa na kazi iliyokifaa. Bakuli la mti lilifaa kuwekwa katikati ya watu, kwa sababu haliunguzi mikono, halipinduki ovyo, na lina kina cha kutosha mikono mingi kuingia kwa zamu.

Mambo manne yaliliondoa, na hayakuja siku moja.

La kwanza ni mbao. Wamisionari wa Berlin walipofika Uhehe walijenga vituo, na kimoja wakakiita kwa jina la kwao, Pommern, jimbo la Prussia. Ndiyo Pomerini ya leo, hapohapo Kilolo. Pamoja na kanisa na shule ulikuja useremala wa aina nyingine: gogo halitolewi tumbo, linapasuliwa vipande bapa, vipande vinarandwa, vinaunganishwa kwa misumari na gundi. Mlango, dirisha, benchi, kabati, meza. Neno meza tulikuwa nalo pwani tangu enzi za Wareno, lakini meza kama mahali pa kulia chakula ni desturi, na desturi hiyo inakuja na sahani ya kila mtu. Bakuli la katikati likaanza kuonekana la kishamba.

La pili ni bati. Vyombo vya enameli, vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu, vilikuwa vyepesi, havipasuki kwa jua, na vinasuguliwa vikang'aa. Baadaye ikaja alumini, halafu plastiki. Tuwe wakweli hapa: hakuna mama aliyelazimishwa. Bakuli la mti lililochoka linashika harufu ya mboga ya juzi, na ufa wake unaficha uchafu. Wanawake walichagua kilichowapunguzia kazi, na walichagua vizuri.

La tatu ni msitu. Tangu Wajerumani, na Waingereza baada yao, misitu ya asili ilianza kuwekewa mipaka na kuitwa hifadhi. Mwaka 1992 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake iko Kilolo. Nazitetea hifadhi hizo bila aibu, maana mito inayoteremka kutoka milima ile ni uhai wa watu wa bondeni, na viumbe vyake vingine havipatikani popote duniani. Ila matokeo kwa mchongaji yalikuwa wazi. Mti mnene wa asili ukawa kitu cha kibali, na nje ya hifadhi nao ukazidi kuadimika kwa mashamba, mkaa na mbao.

La nne ni ile miti ya mistari. Upande wa Mufindi, jirani zetu, majaribio ya upandaji pale Sao Hill yalianza mwaka 1939, na kuanzia miaka ya 1960 na 1970 serikali ikapanda kwa nguvu kubwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi mwaka 1985 kikiitegemea miti hiyo. Msindano wa kwetu asili yake ni Mexico, mkaratusi ni wa Australia, na wote wawili walizoea nyanda hizi haraka. Kilolo nayo ikafuata: wanakijiji wakapanda vishamba vyao, matajiri wa mijini wakanunua vilima, kampuni kubwa nazo zikaingia. Leo ukipita unasikia kelele za dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Gogo linaingia upande mmoja, upande wa pili zinatoka mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, inchi kwa inchi. Zinapakiwa, zinateremka Kitonga, zinaishia kwenye kenchi za nyumba za Dar.

Hapo ndipo bakuli lilipofia, ukiniuliza mimi. Miti ilikuwepo, tena mingi kuliko zamani, lakini ilikuwa imekwisha kuwa mbao tangu ilipopandwa. Hakuna anayeutazama msindano akaona bakuli. Anaona futi na inchi.

Wakati chombo cha mti kinatoka jikoni kwa mlango wa nyuma, kilikuwa kinaingia duka la watalii kwa mlango wa mbele. Habari inayojulikana zaidi ni ya Wakamba wa Kenya. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alikuja Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza uchongaji kwa mafundi wa huku, akarudi nao nyumbani. Kutokana na mikono yake na ya waliomfuata ilikua biashara iliyojaza Nairobi na Mombasa twiga, vifaru, na miiko mirefu ya kuchanganyia saladi, chakula ambacho mchongaji mwenyewe hakuwa anakula. Soko lilikuwa kubwa kiasi kwamba muhugu na mpingo vikaanza kuwaishia. Miaka ya 1990 ikaanzishwa kampeni ya kuwahamishia wachongaji kwenye miti ya shambani: mwarobaini, mwembe, mgrivea, mjakaranda. Wengi walikubali, na wateja nao wakazoea.

Naona mafunzo mawili hapo. Kwanza, chombo kikishakuwa zawadi ya mgeni, umbo lake, ukubwa wake na mti wake vinaamuliwa na mgeni. Pili, kazi hii haihitaji msitu wa asili ufe. Mti uliopandwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya kivuli unaweza kuibeba.

Sasa nije kwenye mashine iliyonifanya niandike yote haya. Rauta ninayoisema si ile ya intaneti. Ni mashine ya seremala, yenye ukubwa wa kuenea mikono miwili: mota iliyosimama wima, chini yake kitako bapa, na katikati ya kitako kinachomoza kisu kidogo kinachozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Unaisukuma juu ya mbao, nayo inachimba. Babu yake haikuwa na umeme. Ilikuwa kipande cha mti chenye patasi ndogo iliyochomoza chini, ya kusawazishia mifereji, na maseremala wa Uingereza waliiita jino la bibi kizee. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza fundi mmoja wa jimbo la New York, R. L. Carter, aliunda ya umeme inayoshikwa mkononi. Mafundi husimulia kwamba mota aliitoa kwenye mashine ya kunyolea nywele. Kampuni ya Stanley ilimnunua mwaka 1929. Mwaka 1949 kampuni ya Kijerumani ya ELU ikatoa aina inayoweza kuzamishwa kutoka juu katikati ya mbao, na hiyo ndiyo inayomfaa mtu wa mabakuli, kwa kuwa bakuli linaanzia katikati.

Mashine hiyo ilichelewa kufika vijijini kwetu kwa sababu rahisi: umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, na vijiji vingi vya Kilolo viliona taa miaka mingi baada ya hapo. Tena nguzo zinazobeba nyaya hizo ni mikaratusi, na nyanda hizi ndizo zinazokuza nguzo nyingi nchini. Mti uliondoka kwetu ukiwa gogo, ukarudi ukiwa umebeba umeme, na umeme ukamwezesha fundi kuchimba mti mwingine. Napenda kulifikiria hilo kila ninapopita chini ya nguzo zile.

Fundi ninayemfahamu ana karakana ya mabanzi pembeni ya Kilolo mjini. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, riziki yake ni milango na vitanda. Nilipofika mara ya kwanza alikuwa amefunikwa na maranda kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene, karibu. Angalia usikanyage waya."

Alianza mabakuli na trei kwa sababu ya mabaki. Kila seremala ana rundo la vipande vifupi, sentimita arobaini, hamsini, visivyotosha kitu. Kwa kawaida vinaenda jikoni kuwa kuni, au vinapelekwa Ilula kugongwa matenga ya nyanya ambayo hayarudi. Yeye akaona kipande kifupi ni kirefu cha kutosha ukishakiita trei.

Anafanya hivi. Anarandia vipande viwili au vitatu, anaviunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi, anavibana usiku kucha. Asubuhi anaweka juu yake kiolezo cha plaiwudi chenye tundu la umbo analotaka: yai, mviringo, mraba wenye pembe za duara. Kisu chake kina beringi ndogo shingoni, na beringi hiyo ndiyo inayotambaa kwenye ukingo wa kiolezo ili kisu kisivuke mpaka. Kisu chenyewe kina pembe za mviringo chini, kwa hiyo kinapochimba kinaacha kona laini inayofuta vizuri kwa kitambaa. Katikati anatangulia na drili, anatoboa matundu mengi ili kumpunguzia rauta kazi. Halafu anachimba kwa tabaka, milimita chache kila mzunguko, akizunguka ndani ya kiolezo kama mishale ya saa inavyokwenda.

"Ukienda kinyume inakuruka," aliniambia. "Hii haina urafiki. Ukiwa na haraka, kaa nyumbani."

Kitu kingine alichonionyesha ni kitako. Tundu likishakuwa pana, rauta inakosa pa kukanyagia na inaweza kutumbukia, kwa hiyo ameifungia kibao kipana cha plastiki ngumu kinachovuka kutoka ukingo hadi ukingo kama daraja. Akimaliza ndani, anakata umbo la nje kwa msumeno wa mkanda wa jirani yake, anaviringisha kingo, kisha msasa: namba 80, 120, 180, na 240 kwa mteja anayelipa vizuri. Anavaa miwani na barakoa. Vumbi la mninga hasa linajulikana kwa kubana kifua, na amewahi kulala akihema kwa shida kwa kulidharau.

Kuhusu mti, amejifunza kwa wateja wake. Msindano una utomvu na harufu inayokaa kwenye chakula, kwa hiyo anautumia kwa trei za kubebea vikombe. Kwa chakula anatafuta mgrivea, mparachichi uliozeeka, mringaringa ukipatikana shambani kwa mtu. Kuhusu mafuta, watu wengi hupaka alizeti kwa sababu ndiyo iliyo jikoni, lakini mafuta hayo yananata na baada ya muda yanachacha. Yeye anayeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta kidogo, anapaka ikiwa vuguvugu, anafuta. Nta inatoka kwenye mizinga ya kijijini, na mizinga mingine bado ni magogo yaliyotolewa tumbo. Ndugu wamekutana tena.

Sasa kuna jambo nililolitambua nikiwa nimesimama pale. Mbao ya mbili kwa sita ina unene wa inchi mbili. Ukiiranda inabaki pungufu ya sentimita tano. Ukiacha kitako cha sentimita moja ili isitoboke, kina chako hakifiki sentimita nne. Huwezi kupata bakuli la bibi yangu humo, hata uwe na mashine ya dola elfu. Kina kilikwisha kuamuliwa na dingdong, siku gogo lilipopasuliwa. Kinachotoka ni chombo kipana, kifupi, chenye ukingo mdogo, cha kupakulia na kubebea. Chombo hicho tayari kina jina la Kiswahili, tena jina la zamani. Ni chano.

Nikamwambia. Alicheka. "Chano? Mimi naandika trei, mwandishi. Mteja anatafuta trei."

Saa saba mkewe akamletea chakula, ugali na maharage, kwenye mabakuli mawili ya plastiki yenye mfuniko. Rafu nyuma yake ilikuwa na vyano sita vinavyong'aa, vinasubiri basi la kwenda Iringa mjini kwa mwenye hoteli. Nilimuuliza kama nyumbani ana hata kimoja. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anachoma noti. "Hiyo moja ni sare ya mtoto." Kinyozi hajinyoi, nikasema. Akasema kinyozi hajinyoi kwa sababu kioo amekodi. Methali hiyo ya pili nadhani aliitunga palepale.

Wapo watakaosema basi hii ni habari ileile ya Wakamba, chombo kwa ajili ya mgeni. Kwa sehemu ni kweli. Lakini naona tofauti moja ninayoithamini. Mwenye hoteli yule ni Mtanzania, na wateja wengine wa fundi ni maharusi, walimu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa aliyetaka zawadi ya kumpa mwenzao. Soko hili ni dogo, lakini linaongea lugha yetu. Mteja anaweza kurudi kusema trei yako imepinda, nirekebishie, na fundi akajifunza.

Halafu kuna suala la miti yenyewe, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Msindano wa mbao nzuri unataka miaka kumi na minane, ishirini, hata ishirini na mitano. Wazazi wengi Kilolo wanauza wa miaka minane au kumi, umesimama, kwa sababu mtoto amefaulu au mgonjwa yuko wodini. Mnunuzi anakuja na dingdong yake, anaondoka na mbao changa zinazopinda kabla hazijafika Kariakoo. Shambani kunabaki visiki na maranda, na bei aliyolipwa mwenye shamba ni ile ya mtu mwenye shida. Trei hazitalimaliza tatizo hilo. Rauta moja haiwezi kushindana na malori. Ila nimemwona fundi akikipa kipande cha sentimita hamsini, kilichokuwa kinakwenda kuwashia moto, thamani inayolipa sare ya shule. Nimeona pia kwamba amepanda mgrivea na mringaringa pembeni ya shamba la baba yake, na hana haraka nayo. Mtu anayejua mti unaweza kuwa nini ana sababu ya kuusubiri.

Akina mama wa Iringa walilijua hili mapema. Vikapu vyao vya milulu vimevuka enameli, vimevuka plastiki, na bado vinasukwa, vinauzwa Iringa, Dar na ng'ambo, na ukienda gulioni utamkuta mama amebebea mahindi humohumo. Kikapu kilibaki na kazi nyumbani hata kilipopata soko nje. Bakuli la mti lilipoteza ya nyumbani kwanza, na kurudi kwake kutakamilika tu siku litakapoirudia.

Kwa nini nayaandika haya mbele ya wasomaji wa hadithi na mashairi? Kwa sababu sisi tunaoandika tumeishi kama Nigmann. Wahusika wetu wanapenda, wanasalitiana, wanafia nchi, na wakikaa kula tunaandika "walikula" tukaendelea na safari. Walilia ndani ya nini? Kilichongwa, kilinunuliwa, au kiliazimwa kwa jirani siku ya msiba? Riwaya ya Iringa ya mwaka 1930 yenye bakuli la mti lililoshonwa kwa waya, na ya mwaka 1960 yenye enameli iliyomenyeka ukingoni, zingetueleza juu ya pesa, ndoa na aibu mambo ambayo fuvu la Mkwawa, kwa heshima zake zote, haliwezi kutueleza.

Mimi nimeagiza vyano viwili vya mgrivea. Fundi ameniambia nisubiri mpaka mbao ikauke, labda miezi mitatu, na kwenye daftari lake, chini ya jina langu, ameandika "chano 2", akaweka alama ya kuuliza pembeni.